Kwenda chuoni kila siku: utegemee ramani, kundi la wanafunzi, gari la kuita au gari la kuchangia?

Kinachomchosha mwanafunzi anayeishi nje ya chuo mara nyingi si umbali, ni kutojua. Safari ndefu unaweza kuipangia: unaamka mapema, unabeba kitabu, unafika. Lakini kusimama kituoni bila kujua kama basi limeshapita au bado linakuja hakupangiki, na kukikukuta siku ya mtihani kunakuumiza kweli. Simu janja inaweza kupunguza mateso hayo. Shida ni kwamba njia za kuitumia ni nyingi, kila rafiki anasifia yake, na wewe una bando la kuhesabu na simu ambayo nafasi yake imekaribia kujaa.

Hapa nalinganisha njia nne. Ya kwanza ni programu za ramani na ratiba za usafiri wa umma, kama Google Maps, Moovit, Citymapper na Transit. Ya pili ni kundi la ujumbe la wanafunzi wanaopita njia moja, kwenye WhatsApp au Telegram. Ya tatu ni programu za kuita gari, kama Uber na Bolt. Ya nne ni gari la kuchangia, yaani mwenzako mwenye gari anawabeba wengine na mnagawana mafuta, mkipangana kwa simu.

Vipimo nilivyotumia ni vitano: habari zinatoka kwa nani, uhakika wa muda, gharama, matumizi ya bando na chaji, kisha usalama na faragha. Hicho cha kwanza watu hukiruka, nami naona ndicho kinachoamua mengine yote.

Habari zinatoka kwa nani?

Programu ya ramani haijui chochote kuhusu basi lako mpaka mtu ameiambia. Mwaka 2005 shirika la usafiri la TriMet la Portland, Marekani, lilishirikiana na Google kuweka ratiba zake katika mfumo wa faili ambao leo unajulikana kama GTFS. Ni faili za maandishi za kawaida: moja inaorodhesha vituo na mahali vilipo, nyingine njia, nyingine saa ambayo gari linapaswa kufika katika kila kituo, nyingine kalenda ya siku za huduma. Ukiandika jina la chuo na kuomba njia, programu inapekua faili kama hizo. Mwaka 2011 ukaongezwa mfumo wa pili, GTFS Realtime, unaobeba mambo ya papo hapo: gari liko wapi, limechelewa kwa kiasi gani, huduma gani imesitishwa.

Shirika linalotoa ratiba si lazima litoe pia habari za papo hapo. Ndiyo sababu programu zile zile zinazosifiwa na mtu wa mji mmoja zinaweza kuwa butu kwa mtu wa mji mwingine. Na ndiyo sababu kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine wakati mwingine hakubadilishi kitu: zote mbili zinasoma faili moja, na kama ratiba ya likizo haijaingizwa humo, zote mbili zitakupa saa za muhula.

Pale ambapo magari hayana ratiba rasmi, lazima mtu atoke kwenda kuzikusanya habari. Jijini Nairobi, mradi wa Digital Matatus uliwatumia wanafunzi wa chuo kikuu waliopanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130. Kabla ya hapo mtandao huo wote ulikuwa vichwani mwa madereva, makondakta na abiria. Kazi ya namna hiyo ni ya thamani kubwa, ila huchakaa: njia ikihamishwa na asiwepo wa kurekodi upya, ramani inabaki na njia ya zamani.

Kundi la wanafunzi linapata habari kwa macho ya watu. "Basi la pili limejaa, mlio kituo cha chini msingoje, tembeeni mpaka njia panda." Hakuna programu itakayokuandikia sentensi hiyo. Aliyeiandika yumo ndani ya basi, anawajua wanaongoja mbele, na anajua kwamba njia panda kuna basi jingine linalopita. Upungufu wake ni kwamba habari inategemea mtu kuamka, kuona na kujali kuandika. Tena uvumi nao hupita humo humo: ujumbe wa jana wa "barabara imefungwa" unatumwa tena leo, na watu wanageuza njia bure.

Kwenye gari la kuita, habari inatoka kwenye simu ya dereva mwenyewe, kwa hiyo unaliona gari likisogea kwenye ramani. Kwenye gari la kuchangia, habari yote iko kwa mtu mmoja: mwenye gari. Akisema ataondoka, mnaondoka; asipopokea simu, hamna la kufanya.

Uhakika wa muda

Kosa la kawaida kwenye programu za ratiba ni kuamini kila namba kwa kiwango kimoja. Programu nyingi hutofautisha saa ya ratiba na saa halisi kwa rangi au kwa alama ndogo ya mawimbi kando ya dakika. Namba isiyo na alama ni ahadi iliyoandikwa zamani ofisini. Utaona dakika nne, tatu, mbili, moja, kisha mstari unafutika na programu inakuonyesha gari linalofuata kama vile lile la kwanza halikuwahi kuwepo. Abiria husema programu imedanganya. Ilichofanya ni kusoma ratiba, na gari halikutoka.

Kabla ya kuitegemea, ijaribu kwenye kituo chako kwa siku chache ambazo huna haraka. Tazama inavyosema, tazama gari linavyofika. Ikikosea kwa dakika zilezile kila mara, bado inafaa, kwa sababu utajua cha kuongeza. Ikikosea hovyo, leo mapema na kesho imechelewa, usiipe kipindi cha asubuhi.

Kuna kitu kimoja ambacho watu wengi hawakigusi: badala ya kuuliza "nikiondoka sasa nitafika lini", programu inakuruhusu kuweka saa unayotaka kuwa umefika, nayo inahesabu kurudi nyuma. Fanya hivyo usiku uliotangulia, weka robo saa kabla ya mhadhara, na uangalie chaguo la pili pia ili ukikosa la kwanza usianze kutafuta ukiwa umesimama barabarani. Kuhusu foleni, Google Maps hukisia kasi ya barabara kwa kutumia simu za watu waliomo barabarani, kwa hiyo makadirio yake hutulia zaidi kwenye barabara kuu kuliko kwenye vichochoro vyenye simu chache.

Kundi la wanafunzi halikusaidii kupanga. Linakusaidia mpango unapovunjika. Mgomo, ajali, mafuriko, basi lililoharibika katikati ya daraja, yote hufika humo kabla hayajaingia kwenye mfumo wowote rasmi.

Gari la kuita linaonekana kuwa na uhakika kuliko yote, na siku ya kawaida ni kweli. Siku ya mvua mambo hugeuka. Kila mtu anaita kwa wakati mmoja, dakika za kungoja zinaongezeka, na dereva aliyekubali anaweza kughairi akiwa njiani. Kwa hiyo ni njia nzuri ya dharura, lakini dharura inayowapata watu wote pamoja ndiyo inayoilemea.

Gari la kuchangia lina uhakika mkubwa likiwa na kanuni moja: saa ya kuondoka haingoji mtu. Bila kanuni hiyo, mchelewaji mmoja anawachelewesha watu watatu kila asubuhi, na urafiki unaanza kuchuja. Hata likiwa na nidhamu, mwenye gari akiugua au ratiba yake ya vipindi ikibadilika, safari inakufa siku hiyo hiyo.

Gharama

Ramani na kundi ni bure. Unalipa nauli ya kawaida na data kidogo. Panapouzwa tiketi kwa simu, tafuta kwanza kama kuna nauli ya mwanafunzi au pasi ya mwezi kabla ya kulipa safari moja moja. Na ukilipa kwa kugusa simu, shikilia kifaa kimoja. Katika mifumo yenye kikomo cha makato ya siku, kama ule wa London, kikomo kinahesabiwa kwa kadi au kifaa ulichogusisha. Ukigusa simu asubuhi na kadi jioni, mashine inawaona watu wawili, na unaweza kukatwa zaidi ya kikomo hicho.

Gari la kuita ndilo ghali zaidi kwa mtu mmoja, na bei yake hupanda pale unapolihitaji zaidi, kwa sababu mfumo huongeza nauli watu wanapozidi magari. Mkiwa watatu au wanne mnaoelekea lango moja, hesabu inabadilika kabisa. Linganisheni na jumla ya nauli zenu za basi kabla ya kulikataa.

Gari la kuchangia hukaa katikati. Gawaneni mafuta na maegesho kwa hesabu iliyo wazi, tena iandikwe kundini ili asiwepo wa kudai au kudaiwa kwa mdomo. Mwenye gari aulize kampuni yake ya bima kabla ya kuanza: katika nchi nyingi kugawana gharama ni jambo moja, na kubeba abiria kwa faida ni jambo jingine ambalo bima ya kawaida hailifidii.

Bando na chaji

GPS yenyewe haili bando. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti tu. Kinacholiwa ni picha ya ramani na habari za njia. Kwa hiyo kupakua ramani ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo ni jambo la busara, lakini jua mpaka wake: ramani ya Google iliyopakuliwa hukupa maelekezo ya kuendesha gari bila intaneti, si ya usafiri wa umma wala ya kutembea kwa miguu. Mwanafunzi wa basi anayedhani amejikinga kwa kupakua ramani atagundua hilo akiwa amekwama. Dawa ni rahisi: kabla ya kutoka, piga picha ya skrini yenye safari nzima, namba za basi na majina ya vituo. Kwa kutembea bila intaneti, Organic Maps na OsmAnd hufanya kazi vizuri. Zote mbili hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea. Ukiona njia ya mkato ya nyuma ya maktaba haimo, unaweza kuiongeza mwenyewe na wenzako wakafaidika.

Chaji hailiwi na GPS peke yake, skrini inayowaka safari nzima ndiyo mlaji mkubwa. Sikiliza maelekezo kwa sauti, zima skrini.

Kundi hutumia data kidogo mradi uzime upakuaji wa video na picha wa kujiendesha wenyewe. Liwekee sauti ya kipekee asubuhi, kisha linyamazishe ukiingia darasani. Gari la kuita linadai data na chaji tangu unapoita mpaka unaposhuka, kwa hiyo si la kulitegemea simu ikiwa ukingoni. Ukishakubaliwa, andika namba ya gari pembeni. Gari la kuchangia likishazoeleka halihitaji zaidi ya ujumbe mmoja, hata wa kawaida usio na intaneti.

Usalama na faragha

Kila njia hapa inakuomba utoe kitu kuhusu mahali ulipo, na tofauti iko katika nani anakipata.

Programu za ramani: ruhusu zisome mahali ulipo wakati zinapotumika tu, na kagua kama umewasha kumbukumbu ya safari zako. Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024, nao wote wanaweza kuiona namba yako. Humo, andika habari za basi, usiandike habari zako. "Basi limeharibika hapa" ni msaada kwa wote. "Niko hapa peke yangu, simu inazima" mtumie mtu mmoja unayemwamini. Mtu huyo unaweza pia kumtumia mahali ulipo kwa muda halisi. WhatsApp inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8, nawe chagua muda mfupi unaotosha safari yako.

Kwa gari la kuita, linganisha namba ya gari na picha ya dereva kabla ya kufungua mlango, na umuulize amekuja kumchukua nani. Ajibu yeye. Ukitaja jina lako kwanza, yeyote anaweza kuitikia. Programu hizi zina kitufe cha kumshirikisha mtu safari yako, na baadhi zina namba ya siri ya kuthibitisha safari. Washa vyote viwili hasa usiku. Programu ya kuita gari huacha rekodi ya nani alikubeba, lini na kupitia wapi. Gari la kuchangia halina rekodi hiyo, kwa hiyo rekodi iwe nyinyi: mjue mwenye gari ni mwanafunzi wa chuo chenu kweli, wa nyumbani wajue namba ya gari, na safari za kwanza ziwe za mchana mkiwa zaidi ya wawili. Msichana anayesita kupanda ana haki ya kusita bila kudaiwa maelezo.

Kila njia na mtu wake

Ramani na ratiba humfaa mwanafunzi ambaye mji wake una usafiri wenye habari za papo hapo, mgeni wa mwaka wa kwanza, na yule ambaye vipindi vyake hubadilika kila siku. Kundi humfaa anayepita njia iliyozoeleka lakini yenye vurugu nyingi, ambako wanaoijua kweli ni abiria wenyewe. Gari la kuita ni la anayesafiri saa ambazo usafiri wa umma umelala, au mwenye mzigo, au aliyeumia mguu. Gari la kuchangia ni la wenye ratiba moja isiyoyumba na waishio mtaa mmoja, hasa mbali na njia za mabasi.

Kwa hali yako

Kama una kipindi cha asubuhi kila siku na basi lako lina habari za papo hapo, programu ya ramani iwe ya kwanza na kundi liwe la akiba. Usiongeze ya tatu. Utakuwa unahama skrini badala ya kutembea kwenda kituoni.

Kama magari ya njia yako hayana ratiba, geuza mpangilio huo. Anzisha kundi la njia hiyo tu, si la chuo kizima, na mkubaliane ujumbe uwe na vitu vitatu: kituo, saa, hali ya gari. Msimamizi afute salamu na matangazo asubuhi bila aibu, kwa sababu ujumbe wa maana ukizama chini ya salamu arobaini, mtu anachelewa mtihani.

Kama unatoka maabara au maktaba usiku, gari la kuita mkiwa wawili au zaidi linafaa kuliko kungoja kituoni peke yako. Kabla ya hapo uliza chuoni kama kuna basi la usiku. Vyuo vingine vinalo na linafuatiliwa kwa simu, na wanafunzi hupita miezi bila kulijua.

Kama unatumia kiti cha magurudumu, Google Maps ina chaguo la njia zinazofikika kwa kiti hicho, liwashe kwenye mipangilio ya safari. Lakini lifti iliyokufa jana usiku haimo kwenye faili. Mwombe mwenzako mmoja anayetangulia kituoni akuandikie kila asubuhi kama inafanya kazi, na hapo ujumbe wa mtu mmoja utakufaa kuliko programu yoyote.

Kama bando lako huisha kabla ya wiki kuisha, picha ya skrini, Organic Maps na ujumbe wa kawaida kwa jirani mwenye gari vinatosha kukufikisha. Pakua ramani ukiwa chuoni Ijumaa, na uweke namba ya huduma ya simu ya shirika la mabasi kwenye orodha yako ya namba, maana kupiga bado hakuhitaji intaneti.

Kama ndiyo kwanza unahamia mtaa mpya, fanya safari nzima siku isiyo na kipindi, kwa saa ileile utakayokuwa ukisafiri, ukiwa na programu mkononi. Kituoni, waulize abiria wanaokwenda chuoni wanatumia kundi gani, na uombe kuongezwa kabla muhula haujaanza.